Hesabu Gesi Kwanza

Mwanangu Skola,

Dereva wa lori la Kanta amelala ndani ya gari lake, magunia ya chokaa yameshapakiwa. Ataondoka alfajiri, na ameniahidi atapita Majengo kwa shangazi yako Modesta kabla nyie hamjatoka kwenda stesheni. Kwa hiyo barua hii itakukuta umeshavaa viatu. Isome hata kama shangazi anakuharakisha. Mwambie mimi ndiye niliyechelewesha, amezoea kunilaumu.

Nimekaa juu ya gunia tupu mbele ya mdomo wa tanuri, mwanga wa moto unanitosha. Nikiandika kidogo naacha, natupia kuni, narudi. Usishangae ukiona mahali maneno hayaungani vizuri, au karatasi ina alama ya kidole cheusi.

Mambo ya sabuni, blanketi na kufuli la sanduku sitayaandika. Mama yako ameshayasema, na shangazi ameyasema kumzidi. Mimi nina moja tu, lile uliloniuliza kwenye simu Jumapili. Ulisema, "Baba, nikibadilisha nikachukua kombi ya masomo ya historia naweza kupata nafasi hapa hapa Mpanda. Nikibaki na kemia ndiyo Tabora. Nikishapanda treni nimeshachagua. Nifanyeje?" Sikutaka kukupa jibu la haraka kwenye simu. Nikakuambia nitakuja Majengo mwenyewe, tukae tuongee kabla hujaondoka.

Sitaweza kuja. Mvua ilituchelewesha kupanga mawe, tanuri likawashwa nyuma ya siku tuliyoitaka, na moto huu ukishawashwa hauachwi. Ukishuka katikati, mawe yanatoka na kiini kibichi ndani, chokaa juu na jiwe moyoni, na hakuna mnunuzi wa kitu kama hicho. Bukuru, huyu mwenzangu wa Katumba unayemjua, aliniambia, "Nenda ukamuage mtoto, mimi nitashika." Lakini mtu mmoja hawezi kulisha midomo miwili ya tanuri na kulala. Nikamwambia nitaandika. Akacheka, akasema, "Andika basi, Profesa. Ila usiandike kama unavyopasua kuni, utatoboa karatasi."

Sababu zako ulinipa mbili. Ya kwanza ni lile swali la entropi ulilokosa kwenye masomo ya maandalizi kule Shanwe, mwalimu akalisoma jibu lako mbele ya wenzako. Ya pili uliitupia mwishoni, haraka, kama mtu anayetoa kokoto kwenye kiatu: "Halafu kila kitu kinatawanyika, baba. Wewe uko tanurini, mimi niende Tabora, mama abaki Kibaoni na mpunga peke yake."

Nitaanza na ile ya kwanza, maana huko wewe ndiye mwalimu wangu na mimi nakurudishia tu ulichonipa.

Unajua kabla ya chokaa nilikuwa mchoma mkaa. Niliacha shule kidato cha pili nikaingia porini kwa msimu mmoja tu, nikisema mvua zikiisha narudi darasani. Msimu mmoja ukazaa mwingine. Nikawa hodari wa mkaa. Na siri ya mkaa, kila mchoma mkaa atakuambia, ni kufunika. Unapanga magogo, unafukia kwa majani na udongo, unabana hewa mpaka tanuri linapumua kwa tundu dogo tu. Ukiliachia hewa unakuta majivu. Mikono yangu ilijua hivyo kabla kichwa hakijajua.

Ndipo Mzee Maganga, mwenye tanuri hili, akanichukua. Mara ya kwanza kunikabidhi moto alikuwa amekwenda mjini kutafuta wanunuzi. Nikaangalia juu ya tanuri lake, nikaona limeachwa wazi, joto linatoka bure linakwenda mbinguni. Nikasema huyu mzee anapoteza kuni. Nikachukua udongo wa mfinyanzi, nikalifunika juu lote, nikalipapasa vizuri likawa kama chungu. Nilijisifu. Nikasema akirudi atanipandisha cheo.

Alirudi, akasimama akaliangalia. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Baba Skola, umelizika?"

Nikamwambia, "Nimezuia joto lisitoke, mzee."

Akasema, "Joto umezuia. Na pumzi ya jiwe itapita wapi?"

Nilidhani anaongea kizee. Tulipofungua, mawe yalikuwa mawe. Yameungua kwa nje, yamekuwa meusi kwa masizi, lakini ukilipasua moja ni jiwe lile lile tulilolitoa mlimani. Kuni zote zile na jasho lote lile. Tukapanga upya. Mzee Maganga alifanya kazi pamoja na mimi bila kusema neno, na ningependa zaidi angesema.

Kwa miaka mingi hiyo "pumzi ya jiwe" niliichukua kama neno la kikazi tu, kama tunavyosema tanuri "limekubali". Mpaka ulipokuja likizo iliyopita na daftari lako la kemia, ukakaa kwenye lile jiwe pana nyuma ya kibanda, ukaniuliza mnachoma nini humu. Nikakuambia mawe ya chokaa. Ukaandika mstari, ukaniita.

"Baba, angalia. Upande huu jiwe lako. Upande huu chokaa na gesi. Jiwe linatoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Hiyo ndiyo pumzi."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimefanya kazi na kitu hicho nikiwa sijawahi kukiona, na kumbe hakionekani kweli.

Ukaniambia basi ndiyo maana entropi inapanda hapo. Nikakuuliza entropi ni mnyama gani. Ulifikiri kidogo ukasema ni namna vitu vilivyo na nafasi za kukaa, jinsi vilivyotawanyika, vyenyewe na nguvu iliyomo ndani yake. Kwenye kigumu kila chembe ina kitanda chake. Kwenye kimiminika zinasukumana sokoni. Kwenye gesi zimeshatoka kila moja na njia yake. Kwa hiyo ukitaka kutabiri kama entropi inapanda au inashuka, angalia gesi kwanza: upande wa kushoto zipo ngapi, upande wa kulia zipo ngapi. Zikiongezeka, imepanda. Zikipungua, imeshuka. Mimi nikaiita mtawanyiko, ukasema mwalimu hatakubali, nikasema mwalimu hayupo.

Nadhani zile ndizo siku nilizozifurahia kuliko zote tangu nije huku. Ulikuwa unasoma mmenyuko wa kemikali kwenye daftari, mimi nabashiri: inapanda, inashuka. Aliyekosa anakwenda kisimani. Bukuru alikuwa anajumlisha kwa sauti safari zangu za maji, akasema tangu aanze kazi hapa pipa halijawahi kujaa namna ile.

Ulinisomea ile ya kutengeneza mbolea, gesi ya naitrojeni moja na haidrojeni tatu zinakuwa amonia mbili. Hiyo nilipata. Nne zimekuwa mbili, imeshuka. Nikajiona msomi. Ndipo ukaniuliza kuhusu mkaa. Mkaa, fani yangu.

"Mkaa unaungua na oksijeni, unatoka kaboni dayoksaidi. Entropi?"

Nikasema inapanda, tena sana. Umeona mkaa ukiungua? Kigumu kinaisha chote, kinabaki jivu kidogo.

"Hesabu gesi, baba."

"Inatoka moja."

"Na iliyoingia?"

Oksijeni ilikuwa gesi tayari. Moja imeingia, moja imetoka. Ukaniambia inabadilika kidogo sana, kwa kuhesabu tu huwezi hata kusema vizuri imekwenda wapi. Nilikasirika kidogo, sikuficha. Miaka yote ya mkaa, na mtoto ananiambia hapo hakuna tofauti kubwa. Nikachukua ndoo.

Lakini iliyoniingia kabisa ni ile ya kuzima chokaa. Chokaa ikitoka tanurini bado ni vipande vigumu vyenye kiu. Tunaimwagia maji, na wewe uliona inavyokuwa: inapasuka, inavimba, inafoka mvuke, inakuwa unga mweupe, usogeze uso uungue. Ukaniuliza, chokaa na maji, inapanda au inashuka? Nikacheka. Nikasema hiyo hata Bukuru anaijua, inapanda. Bukuru akasema, "Inapanda mpaka kwenye macho."

Ukasema imeshuka.

Tulibishana pale. Nikakuonyesha kovu la mkono wangu wa kushoto, nikakuambia kitu kilichonifanyia hivi hakijatulia. Ukasema, na maneno haya nimeyatunza, "Baba, wewe unaangalia kelele. Angalia kilichoingia na kilichotoka." Yaliingia maji, kimiminika, yaliyokuwa yanajiendea yanavyotaka. Yakashikwa ndani ya kigumu. Vitu viwili vikawa kimoja. Gesi haipo hata moja kwenye mstari. Mvuke tunaouona ni maji ya ziada, yamechemshwa na joto lililotoka, hayamo kwenye hesabu ya chokaa yenyewe.

Nikakuuliza, kama imeshuka, kwa nini inatokea yenyewe, tena kwa hasira? Tanuri langu linapanda na bado linataka moto siku na usiku. Hii inashuka na haitaki hata kubembelezwa. Hapo ulifunua kurasa nyingi. Ukasema joto linalotoka linakwenda kutawanya vilivyo pembeni: hewa, ndoo, mkono wa baba. Chokaa imejipanga, jirani zake wametawanyika zaidi, na ukijumlisha wote hesabu inakaa sawa. Kwa hiyo kujua kama entropi ya kitu imepanda au imeshuka ni jambo moja, na kujua kama kitu hicho kitatokea ni jambo jingine. Inabidi uangalie na joto, na limekwenda wapi.

Mwanangu, nilikwenda kisimani siku ile nikiwa nimeshindwa na nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Sikuwa nimefurahi kwamba una akili. Hilo mama yako alilijua mapema. Nilifurahi kwamba ulibishana na mimi ukiwa umetulia, ukanipa sababu, na ulipofika mahali usipopajua ulifunua kurasa badala ya kunidanganya. Mimi nilipokuwa kidato cha pili, nikikosa nilikuwa naangalia chini mpaka kengele ilie.

Sasa lile swali la Shanwe. Ulinisomea kwenye simu na nimeliandika kwa mkaa kwenye mlango wa kibanda. Chokaa iliyozimwa inakutana na kaboni dayoksaidi ya hewani, inarudi kuwa jiwe la chokaa na maji. Wewe uliandika entropi inashuka, kwa sababu gesi imeingia na haikutoka. Mwalimu akasema umekosa, na wenzako wakacheka.

Nimeuangalia mlango huo siku tatu nikipita na kuni. Mimi si mwalimu na sitashindana naye. Lakini ulinisomea kila kitu, pamoja na zile herufi ndogo zinazokaa pembeni kuonyesha kama kitu ni kigumu, kimiminika au gesi. Pembeni ya maji ulisoma herufi ya gesi. Mwalimu aliyaandika kama mvuke, Skola. Basi imeingia gesi moja, imetoka gesi moja. Ni kama ule mkaa wangu. Kwa kuhesabu tu huwezi kusema, na wewe uliandika kwamba gesi haikutoka. Labda inashuka kidogo, labda vingine, inabidi uende kwenye yale majedwali ya namba uliyonionyesha mwisho wa kitabu. Yangekuwa maji ya kawaida, ungepata.

Hukukosa kwa sababu huwezi kemia. Uliwaza ukuta wa nyumbani tulioupaka chokaa, ukaona maji ya kawaida, ukaandika ulichokijua. Mimi nilifunika tanuri la chokaa kwa udongo kwa sababu nilikijua mkaa. Naomba tu usiondoke kwenye kemia kwa sababu ya herufi moja ndogo. Kama unataka historia kwa kuwa unaipenda historia, niambie nami nitajifunza na hiyo, Bukuru atajumlisha ndoo. Ila kwenye simu hukuniambia unaipenda. Uliniambia shule yake iko karibu.

Nimetoka kidogo. Mdomo wa upande wa kisima ulikuwa umeanza kufa, Bukuru alisinzia juu ya rundo la kuni. Nimemwamsha kwa kumwambia ng'ombe wameingia kwenye mahindi yake. Ameruka kabla ya kukumbuka kwamba hana ng'ombe wala mahindi huku. Amenitukana kwa Kirundi na sasa anakoka.

Naja kwenye ile sababu ya pili.

Mara ya kwanza nilipotoka Kibaoni kuja huku ulikuwa hujaanza shule. Niliondoka alfajiri nyie mmelala. Niliona ni afadhali hivyo, mtoto asiyeona mtu akiondoka hatalia. Mama yako aliniambia baadaye kwamba ulinitafuta kwenye majaruba ya mpunga, ukawa unarudi na kuuliza nimekaa jaruba gani. Ulikuwa na hakika kwamba nipo, tatizo ni jaruba tu. Nilipolisikia hilo nilikuwa hapa hapa mbele ya moto huu. Tangu hapo sijaondoka nyumbani bila kumwamsha mtu, hata mama yako anasema sasa nimezidi, namwamsha mpaka kuku. Na ndiyo maana hii barua. Kama siwezi kuja kukuaga basi nikuage kwa mkono wangu, hata kama mkono wenyewe unaandika kama unavyoona.

Kwa hiyo ukisema kila kitu kinatawanyika, nakuelewa zaidi ya unavyofikiri. Mimi ndiye niliyeanza.

Lakini wewe ulinifundisha niangalie kilichoingia na kilichotoka, nisiangalie kelele tu. Jana nilimpigia mama yako. Nikamwambia mtoto anataka kubaki Mpanda ili uwe na msaada wa mpunga. Akaniuliza, "Amesema mpunga?"

"Amesema mpunga."

"Huyu ambaye akiingia jarubani anaanza kuuliza konokono wanakula nini?"

Nikamwambia huyo huyo.

Akasema, "Mwambie mpunga niliupanda kabla hajazaliwa, na ulikuwa unaota. Mwambie aende. Nikitaka kumwona nitapanda hiyo treni, nami sijawahi kuipanda, atakuwa amenipa sababu." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Ila wewe ndiye nakuhitaji kwenye mavuno. Usimtume mtoto kwenye nafasi yako."

Hilo la mwisho lilinikaa. Alikuwa amesema kweli, nami nikaona kwamba wewe ulikuwa unajipanga kuziba pengo ambalo si lako. Pengo hilo lina jina langu. Leo asubuhi nilikwenda kwa Mzee Maganga. Nilimwambia tukishatoa chokaa ya tanuri hili na kuizima, nakwenda Kibaoni mpaka mpunga uingie ghalani, na kila mwaka itakuwa hivyo, atafute mtu wa kushika mahali pangu msimu huo. Nilijiandaa abishe. Alikuna kidevu, akasema, "Nilikuwa nakungoja uniombe. Miaka yote nimeona unaangalia barabara ya Kibaoni msimu wa mavuno kama mtu aliyeacha ugali jikoni." Yakaisha hivyo. Jambo nililoliogopa muda wote huo lilichukua muda wa kunywa chai.

Basi mama yako hatavuna peke yake, na hiyo sababu yako ya pili nimeichukua mimi.

Nitakwenda na gunia moja la chokaa pia, ule ukuta wa mbele wa nyumba umeanza kubanduka. Unakumbuka tulivyoupaka ukiwa mdogo, ukalia kwamba rangi ni mbaya, ni ya kijivu kama matope? Nikakuambia subiri ikauke. Ukaamka asubuhi ukaukuta mweupe, ukausugua kwa kidole, kidole kikawa cheupe. Baada ya miezi ukausugua tena, haukutoka kitu, ukaniuliza nimeugandisha na nini. Sikujua. Sasa najua. Ile chokaa ilikuwa imekaa pale ukutani, kimya, inachukua kidogo kidogo ile pumzi iliyotolewa kwenye jiwe huku tanurini, inarudi kuwa jiwe. Gesi inatoka hewani, inashikwa, inakaa. Hakuna moto wala mtu wa kukoka, na joto linalotoka ni dogo kiasi kwamba ukiweka kiganja husikii kitu. Ulipouliza swali la Shanwe, ukuta huo ndio uliokuwa unauona, si ndiyo? Nilijua tu.

Mimi siku zote niliamini kilichokwisha kutoka hakirudi. Ndiyo maana nilipenda kufunika. Huo ukuta umenibishia tangu ukiwa mtoto na sikuusikiliza.

Jibu langu ni hili: nenda Tabora. Nenda na kemia. Nasema nenda nikijua kwamba siku ya kwanza utajisikia vibaya, na kuna usiku utataka kupiga simu usiku wenyewe. Piga. Mlinzi wa tanuri halali. Na huko ukikosa swali lingine, likasomwa mbele za watu, angalia kwanza umekosa nini hasa. Mara nyingi ni kitu kidogo, kipo pembeni.

Kumekaribia kupambazuka, dereva amewasha injini, anaipasha moto. Nimalize.

Treni ikitoka stesheni ikaacha nyumba za mwisho, kaa dirishani upande wa kilima chetu. Utaona moshi, usiukodolee sana. Huo ni wa kuni, kila mtu anauona. Mchana huo mawe yatakuwa yamekolea, moshi utapungua, na juu ya tanuri hewa itakuwa inatetemeka tu, kama hakuna kitu. Hapo ndipo jiwe linatoa pumzi yake. Juu nimeliacha wazi, sijaweka udongo. Mimi na Bukuru tutakuwa tumesimama pembeni, na kutoka treni huenda usituone kabisa.

Utuhesabu hivyo hivyo, kama gesi isiyoonekana.

Baba yako, wa tanurini